Juma Moja Bila Gari

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, Jumatatu ya tarehe 15 Novemba 1954, gari la Athanas Masele lilikuwa bado limesimama uani, na hendeli yake ya kuwashia injini ilikuwa ndani ya nyumba, imeegemezwa nyuma ya mlango. Kwa miaka mitatu, siku za kazi, saa hiyo Athanas alikuwa amekwisha kuipiga hendeli mara nne au tano, injini imekohoa, na moshi umeingia jikoni kwa mkewe. Siku hiyo jogoo waliwika, na baada ya hapo kimya.

Mbuke, mkewe, alitoka jikoni na bakuli la uji.

“Limeharibika?”

“Halijaharibika.”

“Petroli imekwisha?”

“Ipo debe moja na nusu.”

“Sasa?”

“Juma hili najaribu kwenda kazini bila gari,” Athanas alisema. “Leo basi, kesho baiskeli. Mpira wa nyuma umekwisha, petroli imepanda tena, na kila nikipita kwa fundi kuna kitu kingine. Gari linakula kuliko sisi watatu. Nataka kujua njia ipi inafaa, halafu niamue.”

“Na Jumatano?”

“Jumatano imefanya nini?”

“Jumatatu basi, Jumanne baiskeli. Jumatano utakwenda kwa nini?”

Athanas akanywa uji funda moja, akalimeza polepole.

“Njia ya tatu bado naifikiria.”

“Mimi sina haja ya kuifikiria. Nimeisoma.”

Mbuke alifungua pindo la kanga, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Alisoma kwa sauti ya shule ya misheni, bila kuruka neno:

“Kwa Bwana Athanas, karani. Salamu nyingi. Chumba ulichoulizia kipo. Kina dirisha, na kitanda kipo. Njoo ukione tena kabla mwezi haujaandama. Mimi, Mwamvua binti Shomari, Majengo, Shinyanga.”

“Umeipata wapi?”

“Mfukoni mwa suruali uliyonipa niifue. Alhamisi.”

“Ni chumba cha kupanga, Mama Esta. Nikilala mjini siku nne, nikarudi Ijumaa jioni, gari halina kazi tena. Hayo ndiyo niliyokuwa napima.”

“Kitanda kipo,” Mbuke alirudia. “Mwenye nyumba anakwambia dirisha, sawa. Anakwambia paa halivuji, sawa. Kitanda kinamhusu nini?”

“Kwa sababu vyumba vingine havina.”

“Ni mzuri?”

“Kina sakafu ya saruji.”

“Sikuulizi chumba.”

Athanas alikuwa mtu wa kusema lililopo. Kiwandani, mjini Shinyanga, ambako alikuwa karani wa mizani ya pamba, wakubwa zake walimwamini kwa sababu hiyo.

“Ni mzuri,” alisema. “Nimemwona mara moja.”

“Ameandika uje ukione tena.”

“Ndiyo. Sijaenda tena.”

Mbuke akaikunja barua, akairudisha kwenye pindo.

“Haya. Basi lako litakuacha.”

Basi halikumwacha, lilichelewa tu. Lilitakiwa kupita Tinde saa kumi na mbili na nusu, likapita saa mbili na robo. Athanas alifika kazini saa tatu na nusu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu jina lake likaandikwa kwenye daftari la wachelewaji, kwa mwandiko wa kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi. Basi likatoka kwenye hesabu.

Jumanne aliishusha baiskeli. Ilikuwa imening'inia stoo kwa kamba tangu mwaka 1951, mwaka aliponunua gari kwa Mzungu mmoja wa mgodi wa Geita aliyekuwa akirudi kwao. Baiskeli ilikuwa ya zamani zaidi. Ilitoka naye Geita, enzi akiwa karani wa stoo mgodini, kijana wa miaka ishirini na minane mwenye kaptula moja nzuri. Aliipangusa vumbi, akaijaza upepo, akaondoka saa kumi na mbili kasoro robo, kunapambazuka.

Gari lilikuwa na njia yake, barabara kuu. Baiskeli ilipita njia ya mkato, katikati ya miji ya watu, boma moja baada ya jingine. Mvua mbili zilikuwa zimekwisha kunyesha, ardhi nyekundu imelainika, na watu walikuwa wakielekea mashambani na majembe begani. Athanas alikutana na wanaume watatu.

“Mwangaluka!” aliwasalimu kwa Kisukuma.

Mmoja alitazama gurudumu. Wa pili alitazama nyasi. Wa tatu alimtazama yeye sawasawa, kisha akapita.

Akakutana na akina mama wawili, akawaita mama kwa Kisukuma.

“Mwangaluka, mayu!”

Wakaziba midomo kwa kanga.

Mpaka anafika Tinde alikuwa amesalimu watu kumi na mmoja, na hakuna aliyeitika. Alifikia uamuzi kwamba wanamcheka. Mwenye gari ameonekana juu ya baiskeli, basi amekwisha.

Hapo Tinde mpira wa mbele ukaisha upepo. Barazani mwa duka moja alikaa fundi baiskeli, mzee Theonest, mtu wa Bukoba aliyekuja na biashara ya kahawa akaishia na spana.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, karani. Leo umeshuka duniani!”

“Afadhali wewe umeitika.”

“Kwani nani hakuitika?”

“Watu kumi na mmoja. Mtu akiliacha gari siku mbili tu, wenzake wanamfanya maiti?”

Theonest aliacha kusugua mpira.

“Kwani hujui?”

“Nijue nini?”

“Karani, wale hawakucheki. Wamekatazwa kukuitikia. Wewe na nyumba yako. Mwezi na nusu sasa.”

“Nani kawakataza?”

“Makoye.”

Makoye alikuwa nsumba ntale wa kijiji, yaani mkubwa wa vijana wa jembe. Msimu wa kilimo yeye ndiye aliyepuliza filimbi alfajiri na kusema leo tunalima kwa fulani, kesho kwa fulani. Kila mji ulitoa watu wake, na kila mji ulilimiwa zamu yake ikifika. Mtu aliyekosa alitozwa faini. Mtu aliyekosa kwa dharau alitengwa, na neno la Makoye katika jambo hilo hata mtemi hakulipangua.

“Mbona wewe umeniitikia?” Athanas aliuliza.

“Mimi mtu wa kuja. Jembe lao sijalishika, amri yao hainihusu. Tena nikikataa kusalimu wenye baiskeli mbovu nitakula nini?”

“Kosa langu ni lipi?”

Theonest alipaka gundi, akapuliza, akabandika kiraka.

“Hilo kamuulize Mama Esta. Yeye ndiye anayechota maji wa mwisho.”

Athanas alifika kazini saa tatu. Mezani palikuwa na telegramu, imepigwa kutoka stesheni ya Isaka, ambako shemeji yake, kaka wa Mbuke, alifanya kazi ya reli:

NIMEPATA BARUA YA MBUKE. NAJA JUMAMOSI KUMCHUKUA YEYE NA MTOTO TWENDE KAGONGWA KWA BABA. NAKUARIFU MAPEMA. MARSELINO.

Aliisoma mara tatu. Siku hiyo mizani ya pamba ilisomwa na mtu mwingine.

Jioni alirudi kwa njia ileile. Saa kumi na mbili na dakika ishirini alipita kisimani. Wanawake saba walikuwa wakichota na kuzungumza. Hatua thelathini kutoka kwao, juu ya jiwe, Mbuke alikuwa amekaa na mtungi wake na mtoto wao Esta, wa miaka mitano. Yule mwanamke wa saba alipojitwisha mtungi na kuondoka, Mbuke aliinuka akaenda kuchota. Yaliyobaki chini yalikuwa na tope.

Athanas alishuka. Alisubiri mpaka mtungi ulipojaa. Aliupokea, akaufunga kwa kamba kwenye keria, akaanza kuisukuma baiskeli. Mbuke alitembea upande wa pili, Esta mbele yao.

“Tangu lini?” aliuliza.

“Nani kakwambia?”

“Theonest.”

“Fundi baiskeli,” Mbuke alisema. “Nimekaa nalo siku arobaini na tatu, umekuja kulijua kwa fundi baiskeli.”

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ungefanya nini?”

“Ningekwenda kuongea nao.”

“Ungesema tuhamie mjini. Nakujua. Ungesema hawa watu washamba, funga mizigo. Mimi shamba langu liko hapa, kaburi la mwanangu wa kwanza liko hapa. Nikasema nitanyamaza, maadamu kila jioni anarudi. Gari lilikuwa linakurudisha, Baba Esta. Saa kumi na moja nasikia mlio wake barabarani, nasema haya, siku imekwisha, amekuja. Halafu nikaikuta barua ya kitanda.”

“Kosa ni nini? Faini nililipa.”

Mbuke alisimama njiani.

“Ulilipa! Unakumbuka ulivyolipa?”

“Shilingi ishirini, ndani ya bahasha. Ulipeleka wewe.”

“Na barua.”

“Na barua, ndiyo. Kwamba ni faini ya siku zote nitakazokosa, tangu Oktoba hadi Machi. Nililipa mapema wasinidai.”

“Na mwisho uliandika nini?”

Athanas alifikiri.

“Niliomba risiti.”

“Uliomba risiti,” alisema Mbuke. “Watu wazima wamekaa na majembe yao, katekista anawasomea: tafadhali nipatiwe risiti. Mimi nimesimama pale mbele yao, nimeshika jembe langu. Nilikuwa nimekwenda kulima, mimi. Makoye akanirudishia bahasha. Akasema, mama, nenda nyumbani. Mumeo ametununua msimu mzima, sasa hatuna kazi na nyinyi.”

“Bahasha iko wapi?”

“Chini ya godoro. Upande wako.”

Walitembea. Keria ilikuwa ikilia chini ya uzito wa maji.

“Esta alipougua homa mwezi uliopita,” Mbuke aliendelea, sasa kwa sauti ya chini, “nilimbeba mgongoni mpaka zahanati ya Tinde. Maili mbili, jua la saa saba. Nilipita miji tisa, na hakuna aliyeniambia hata pole mama, mpe nikusaidie.”

“Kuna gari nyumbani, Mbuke.”

“Gari lilikuwa Shinyanga.”

Hilo lilikuwa kweli.

Walipokaribia nyumbani giza lilikuwa linaingia. Mbuke aliitazama baiskeli.

“Mara ya mwisho kuisukuma hiyo baiskeli nikiwa kando yako ilikuwa Geita.”

“Mwaka arobaini na saba.”

“Arobaini na sita. Mvua za masika. Baba alikuwa hajahamia Kagongwa, na mimi nilikuwa nauza maziwa yake kambini kwa wachimbaji, na wewe ulikuwa unayapima kama dhahabu. Hukutia neno la mapenzi miezi mitatu. Ulikuwa unasema tu, leo yamepungua nusu kikombe.”

“Yalikuwa yamepungua.”

“Nilikuwa nakunywa njiani ili unisemeshe.”

Athanas alimgeukia. Miaka minane, na taarifa hiyo haikuwahi kumfikia.

“Halafu ukanisindikiza,” Mbuke alisema. “Maili tano mpaka kwetu. Nikakwambia mimi sipandi keria, watu watasema. Ukasema basi na mimi sipandi. Ukaisukuma maili tano, ukarudi peke yako usiku, kesho yake ukafika kazini umechelewa. Wenzako wakakuita Bwana Pole-pole.”

“Nilikatwa mshahara wa nusu siku.”

“Na ukaja tena jioni ile.”

“Nikaja tena.”

“Yule mtu,” Mbuke alisema, akimpa Esta mkono avuke mfereji, “sijui gari lilimshushia wapi.”

Athanas aliushusha mtungi mlangoni.

“Marselino amenipigia telegramu. Usiende.”

“Umepima basi. Umepima baiskeli. Umepima chumba cha Majengo, mpaka sakafu yake unaijua. Mimi ulinipima lini? Uliniuliza lini, Mbuke, wewe unaonaje?”

Akaingia ndani.

Jumatano alfajiri Athanas alikwenda kwa Makoye kwa miguu. Alimkuta anatia mpini jembe. Makoye alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, asiyejua kusoma, na msimu ule hakuna mtu kijijini aliyekuwa na sauti kuliko yeye.

“Mwangaluka, Makoye.”

Makoye hakuitika. Aligonga mpini mara tatu, ndipo akasema:

“Sijakusalimu. Nazungumza tu. Karani amekuja kwa miguu leo. Ameleta nini?”

“Nimeleta kosa langu.”

“Liweke hapo.”

“Niliandika barua mbaya. Sikujua ni mbaya.”

“Katekista alitusomea mara mbili. Mara ya kwanza tulicheka. Tulidhani ni utani, ndugu zangu, karani ana utani! Mara ya pili tukaelewa kwamba hutanii.”

“Nilidhani faini ni faini.”

“Faini ni ya mtu aliyekosa, Karani. Mtoto kaugua, ng'ombe kapotea, pombe imemlaza. Anakuja kichwa chini, anatoa kuku, tunamla kuku wake na yeye akiwepo. Wewe ulitoa faini ukiwa mzima, miezi sita mbele. Yaani ulikaa mezani kwako ukasema, hawa sitawaona mpaka Machi.”

“Ni kweli. Ndivyo nilivyosema.”

Makoye akamtazama. Pengine alikuwa ametarajia ubishi.

“Nifanye nini?” Athanas aliuliza.

“Mbuzi mmoja. Na uje na jembe, wewe mwenyewe, mwenye mji. Usilete kibarua, wala usimtume mama.”

“Siku ngapi?”

“Hatuhesabu.”

“Mimi nahesabu.”

“Ndiyo ugonjwa wako huo. Utakuja filimbi ikilia. Tunalima mpaka saa tatu na nusu, kila mtu anakwenda zake.”

“Na nikija, mke wangu?”

“Ukija, ukamaliza mstari wako mbele ya watu, nitamsalimu mkeo mimi wa kwanza. Lakini sikiliza. Ukiingia kwenye mstari hutoki mpaka mwisho wa shamba. Mvua ije, nyoka aje. Ukitoka katikati, umetoka kabisa.”

Siku hiyo Athanas alikwenda kazini kwa gari, kwa sababu muda haukuruhusu kingine. Maili ishirini na nne ni njia ndefu ya kufikiri. Kulima mpaka saa tatu na nusu na kuwa Shinyanga saa mbili hakuwezekani kwa basi, wala baiskeli, wala gari lolote lililotengenezwa. Kulala mjini kulikuwa kubaya zaidi. Kulibaki jambo moja, ambalo mwezi wa Agosti alilikataa bila hata kumwambia mkewe. Kiwanda kilikuwa na ghala Tinde, la pamba na mbegu, na ghala hilo halikuwa na karani. Mshahara wake ulikuwa pungufu kwa theluthi. Msimu wa kilimo lilifunguliwa saa nne, kwa maana kabla ya hapo hakuna mkulima anayekuja. Kutoka nyumbani kwake ni maili mbili, kwa miguu.

Alilikataa kwa sababu aliona si mahali pa karani mwenye gari.

Alhamisi aliomba ghala la Tinde. Mkubwa wake alimuuliza kama ni mgonjwa. Ijumaa saa tano alipewa karatasi. Saa tisa alasiri alilisimamisha gari mbele ya duka la mfanyabiashara mmoja pale Tinde aliyekuwa amelitamani mwaka mzima, wakapatana bila maneno mengi, akampa hendeli, akaondoka kwa miguu. Wakati huo barabara ya Shinyanga haikuwa na lami, na gari likipita vumbi lake lilikaa hewani muda mrefu. Mwenye gari mpya alimpita njiani, na Athanas alisimama mpaka vumbi likatua.

Jioni hiyo alimkuta Mbuke anafunga sanduku la bati.

“Nimeliuza gari.”

“Nimesikia hujaja nalo.”

“Kuanzia Jumatatu niko ghala la Tinde. Mwamvua nimempelekea barua kwamba chumba sikitaki. Kesho nalima na Makoye.”

“Vizuri.”

“Bado unakwenda?”

“Umeniuliza kabla, au umeniarifu baada?”

Athanas alilitazama sanduku.

“Nimekuarifu baada,” alisema.

“Tena.” Mbuke alikaa juu ya sanduku. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka. “Umefanya mazuri, nayaona. Lakini hata mazuri yako huja kwangu kama tangazo la kiwanda. Kaka anasafiri kesho kutoka Isaka. Nitakwenda nikapumzike kwa baba, halafu nitajua.”

“Utajua lini?”

“Hatuhesabu,” alisema Mbuke, ingawa hakuwapo Makoye alipoyasema hayo. Lilikuwa neno la watu wa pale.

Jumamosi tarehe 20 filimbi ililia saa kumi na moja na nusu. Athanas alichukua jembe, akafungua mbuzi, akaenda.

Shamba lilikuwa la mjane mmoja, kando ya njia iendayo Tinde. Watu thelathini na wanne walijipanga, wanaume kwa wanawake. Athanas aliwekwa pembeni kabisa, upande wa njia, mahali pa wavulana wanaojifunza.

“Karani! Unalima au unaandika?”

“Andika vizuri, mkono usitetemeke!”

“Mpeni risiti ya tuta la kwanza!”

Walicheka shamba zima. Athanas naye, baada ya kitambo, alicheka. Miaka mitatu hakuwa amelima. Kufikia saa mbili viganja vyote viwili vilikuwa vimepasuka, na mstari wake ulikuwa nyuma ya wenzake kwa hatua ishirini. Hakuna aliyemsaidia, na hakuna aliyemwambia aache.

Saa tatu na dakika tano Marselino alitokea njiani, sanduku la bati kichwani. Nyuma yake alikuja Mbuke akimshika Esta mkono. Basi la Kahama, lipitalo Kagongwa, lilikuwa linapita Tinde saa nne.

Esta alimwona.

“Baba! Baba analima!”

Majembe yaliendelea, lakini maneno yalikoma. Kati ya Athanas na njia palikuwa na hatua kumi. Kati yake na mwisho wa shamba palikuwa na hatua arobaini. Makoye alisimama upande wa pili, filimbi shingoni, akimtazama miguu.

Athanas hakutoka kwenye mstari. Alipandisha sauti, yeye ambaye kiwandani hakuna aliyewahi kumsikia akiita mtu.

“Mbuke!”

Mbuke alisimama.

“Siwezi kuja hapo. Nikitoka hapa utaendelea kuchota maji wa mwisho. Kwa hiyo nitasema nikiwa hapa, na wote watasikia.”

“Sema, Karani!” mtu mmoja alifoka kutoka katikati.

“Nyamaza wewe,” alisema Makoye.

“Nilikosa,” Athanas aliita. “Nilipima kila kitu, na wewe sikukuuliza. Sasa nakuuliza. Gari nimeuza, lakini fedha zake bado zipo. Ukisema nilikomboe, nitalikomboa. Ukisema tuhame, tutahama. Ukisema uende kwa baba, nitakuletea sanduku mwenyewe nikimaliza mstari huu. Mimi nataka ubaki. Sina sababu nyingine ya kurudi nyumbani jioni ila wewe. Wewe unaonaje?”

Mbuke aligeuka. Aliwatazama watu wale thelathini na watatu, ambao kwa siku arobaini na saba walimpita kama mti.

“Mikono yako inatoka damu,” alisema hatimaye.

“Ndiyo.”

“Unashika jembe mbele mno. Rudisha mkono wa kushoto nyuma.”

Athanas alirudisha mkono nyuma. Alilima. Hatua thelathini, hatua ishirini, hatua kumi. Wenzake walikuwa wamekwisha kumaliza na kusimama mwishoni, wameegemea mipini. Saa tatu na dakika ishirini na saba alifika kwenye nyasi, akauinua mgongo kwa shida.

Makoye alikuja kukagua. Alitembea urefu wote wa mstari ule, akarudi.

“Umepinda kama mkia wa mbuzi,” alisema. “Lakini umefika.” Kisha aligeuka, akatembea mpaka njiani, akavua kofia. “Mwangaluka, Mama Esta.”

Mbuke alimtazama kwa muda ambao Marselino baadaye aliuita mrefu.

“Mwangaluka, Makoye.”

“Mwangaluka, mayu!” wanawake walipokea, mmoja, wawili, halafu wote.

“Mbuke,” Marselino alisema kwa upole, “basi halitatungoja.”

“Nimesikia, kaka.” Alivuka nyasi mpaka alipokuwa mumewe, akavishika viganja vyake, akavigeuza kuvitazama. “Gari usilikomboe,” alisema. “Na hatuhami. Lakini siku nyingine ukitaka kupima kitu, unaanzia kwangu.”

“Nitaanzia kwako.”

“Sema mbele yao.”

“Nitaanzia kwako!”

“Tumesikia!” walijibu shambani, na mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Makoye aliuliza ni shamba la nani Jumatatu. Mtu akasema zamu ni ya mzee fulani. Makoye akasema mzee atangoja siku moja. Nyasi kwa Karani zimefika magotini, watalima kwake kwanza.

Basi la Kahama lilifika Tinde saa nne na dakika kumi, likaondoka saa nne na robo. Marselino alipanda peke yake.